Kabuti Lililokwenda Kizingo

Hakufungwa. Nimelisema neno hili mpaka taya zimechoka, na leo nalirudia kwa sababu nawe umeniuliza kwa uso ule ule wa mtu aliyekwisha kujijibu. Mjombangu hakulala Ngomeni hata siku moja. Ile ngome ya Mreno siku zile ilikuwa jela, na mtu akipotea mjini miaka mitatu minne bila barua, watu wa Mji wa Kale hawakuwa na haja ya kumtafuta sana. Yuko Ngomeni, basi, nyamaza, mamake asisikie. Lakini yeye hakuwa huko. Alikuwa jeshi la ndege la Mwingereza, vita vikuu vya pili, na karatasi yake nimeishika kwa mikono hii. Wataka nikuapie? Siapi tena. Nimeapa sana, na kuapa ndiko kulikoniharibia.

Mjomba alikuwa mshoni. Ni nduguye mama, wa mwisho kwao. Alikaa na cherehani chake cha mkono kwenye baraza ya duka moja la leso, Biashara Street, na kazi yake ilikuwa kupinda. Wanawake wanunua leso ndani, watoka nje, wampa akate na apinde, waenda zao. Miaka na miaka. Alikuwa mtu ambaye hata ukimkanyaga hasemi "lo", husogeza mguu tu. Ukimuuliza habari za vita, jawabu lilikuwa moja: "Nilikuwa jeshi la ndege." Maneno manne. Kisha hutia uzi kwenye sindano, na mazungumzo yamekwisha.

Na kitu kingine, ambacho sisi watoto tulikifanya mchezo: hakuweza kukaa na ndizi mbivu. Si kuzila tu, hata kuzinusa. Ndizi zikiiva sana mle ndani, yeye huchukua mkeka wake akaenda kukaa nje ya mlango mpaka ziishe. Tulikuwa tukisema ana jini asiyetaka ndizi. Tukimpelekea moja kwa makusudi tuone atakimbia vipi. Leo nikikumbuka natamani nijipige kofi.

Alikufa mwaka wa pili baada ya bendera mpya. Kifua, wiki moja, kwisha. Akaacha mke na binti mmoja, na yule binti alikuwa amekwisha kuposwa. Mahari yamekubaliwa, siku tu ndiyo haijatajwa. Ndugu mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye angekuwa walii wa binti, alikuwa Lamu, mgonjwa wa miguu. Basi kwa kuwa hakuna mwanamume mwingine karibu, na kwa kuwa mimi mdomo ninao, ikawa mimi ndiye msemaji wa nyumba ile. Hakuna aliyenichagua. Nilijikuta tu nasema.

Siku ya tatu ya msiba, baada ya hitima, nikatoa nguo zake. Desturi yetu waijua: nguo za maiti hazikai ndani, hutolewa sadaka, na aliyemwosha ndiye mwenye haki ya kwanza. Nilikuwa na ile hasira ya msiba, ya kutaka kufanya jambo lolote ili mikono isikae bure. Nikaingia chumba cha mbele nikakusanya kila kilichotundikwa msumarini. Kanzu mbili, vikoi, koti moja, na kabuti zito la jeshi ambalo kwa joto la Mombasa halikuwa na kazi ila kuning'inia na kutisha paka. Mkazamjomba alikuwa chumba cha ndani, ameingia eda. Mwanamke aliye edani hatoki mbele ya mwanamume asiye maharimu wake, na mimi, mtoto wa wifi yake, si maharimu. Nikaona pazia likitikisika. Sauti ikasema, "Ngoja, mwanangu."

Mimi nikadhani ni uchungu wa mke kuona nguo za mumewe zikitoka. Nikajibu kwa sauti kubwa, ya kiume, "Subira, mkazamjomba, subira!" Nikabeba, nikatoka.

Lishike hilo. Nitalirudia.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Haujapita hata mwezi, alasiri moja tumekaa baraza ya jirani, kahawa yapita, akaja ami yake bwana arusi. Mtu mzito, mpika halua wa Kibokoni, husema polepole kama vile maneno nayo yahitaji kukorogwa yasishike chini. Akauliza hali, akauliza wafiwa, akauliza mvua. Kisha akaweka kikombe.

"Sisi binti hatumkatai," akasema. "Twauliza tu. Baba yake, miaka ile, alikuwa wapi?"

"Jeshini," nikamwambia.

"Watu wasema Ngomeni."

"Watu gani?"

"Watu. Alionekana mbele ya lango, kichwa kimenyolewa, ana kifurushi mkononi."

"Lori la jeshi liliwashusha pale! Wote walishushwa pale mbele ya Ngome! Na askari gani umemwona wewe ana nywele?"

"Nawe ulikuwapo ukaona?"

Nilikuwa mtoto wa kutambaa, na yeye ajua. Baraza nzima ikacheka. Mmoja pale mwisho akasema, "Muacheni. Kama ana uchungu hivi amwoe mwenyewe, binti wa mjombake, halali yake." Wakacheka tena. Nami damu ikapanda. Nikisema damu ilipanda usidhani nasema hivi hivi, masikio yalikuwa yapiga ngoma. Nikasimama juu ya baraza na viatu vyangu.

"Mjombangu alikuwa ndani ya ndege!" nikasema. "Ndani! Akipiga bombom! Wajua bombom weye? Bunduki inayomimina risasi kama mahindi! Juu ya Burma, Wajapani chini yake wakimbia huku na huku! Wallahi! Na karatasi ya Mfalme iko!"

Yule mpika halua akanitazama kutoka viatu mpaka kichwa.

"Akipiga bombom," akasema, kama mtu aonjaye sukari. "Vizuri. Mtu wa hivyo ni fahari kumwoa bintiye. Basi eda ikimalizika tuonyesheni hiyo karatasi, wazee wetu watulie. Ikiwapo, twataja siku. Isipokuwapo, kila mtu na njia yake, na hakuna ubaya."

Akamaliza kahawa yake akaenda. Nami nikabaki nimesimama juu ya baraza, karatasi sina, na sijui hata kama ilipata kuwapo.

Wakati ule nilikuwa tarishi katika ofisi ya wakala wa forodha, Kilindini. Shule sikwenda, nilikwenda chuoni tu, nikahitimu Kurani, basi. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa maandishi ya makasha. Upande huu juu. Kishikwe taratibu. Kisilowe. Hayo niliyajua kabla sijajua kuandika jina langu. Halafu magazeti ya kufungia sambusa, nasoma huku nala, habari inakatika katikati kwa mafuta. Kwa hiyo ofisi hazikunitisha. Nilikuwa nikipeleka barua kila siku, milango yote naijua. Nikasema wiki moja nitakuwa nimepata.

Wiki moja! Nilikwenda ofisi nne, saa ya chakula, na jua lile la Kilindini linalopiga kwenye mabati likakurudia usoni. Ya kwanza karani akaniambia mambo ya jeshi si hapa. Ya pili akaniambia ni hapa, lakini mwenyewe Mzungu amerudi kwao. Ya tatu nikamkuta mtu mwema, akanipa kiti, ndipo akaniambia mafaili ya wakati wa vita yametiwa makasha yakapelekwa Ulaya. Nikamuuliza lini. Akanitajia mwezi na meli. Nikakaa nikifikiri, maana mwezi ule meli ile mimi mwenyewe ndiye niliyepeleka hati zake bandarini. Huenda mjombangu alinipita ubavuni, ndani ya kasha, upande huu juu, nami nikatia muhuri.

Ya nne karani alikuwa kijana kama mimi.

"Nambari yake ya jeshi?" akaniuliza.

"Sina. Jina lake ni hili."

"Jina halina kazi, ndugu yangu. Majina ya huku kwenu yote ni mamoja. Bila nambari askari ni mtu yeyote."

Nikamwambia mjombangu si mtu yeyote. Nikamwambia na mengine. Nikatolewa nje na mtu mwenye kofia.

Nikatafuta watu waliokwenda vitani. Msikitini kwetu palikuwa na mzee mmoja aliyepigana huko huko Burma, mguu mmoja haukunji. Nikamwamkia, nikamuuliza kama alimwona.

"Sisi tulikuwa wa kwenda kwa miguu, mwanangu," akasema. "Wale wa ndege tuliwaona wamevaa viatu vizuri. Basi. Hatukupewa nafasi ya kujuana."

Nikaandika barua Ulaya, kwa Kiingereza changu cha makasha. Nikangoja. Majibu yalikuja, kwa adabu kubwa, karatasi nzuri, wakaniomba nambari.

Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nimechoka. Si kuchoka kwa mwili. Kule kuchoka kwa kusema jambo lile lile kwa watu tofauti, na kila ukilisema unalisikia limepungua kidogo. Usiku sikulala vizuri, mchana nikigombana na mahamali bila sababu. Barazani wakiniona tu: "Bombom! Karatasi ya Mfalme imefika?" Nami badala ya kunyamaza niliongeza. Nikasema alikuwa na nishani. Nikasema ndege ilipigwa akaruka na mwavuli. Sijui yalikuwa yatoka wapi. Yalikuja yenyewe, na yalikuja matamu.

Mama alikuwa akienda kila siku kukaa na wifi yake edani. Habari ya posa kutikisika tuliwaficha, yeye na binti, wasiongezewe msiba. Lakini siku moja mama naye alichoka, akamwuliza wifi yake tu kwa mbali: marehemu alikuwa na karatasi za jeshini? Akarudi nyumbani, akakaa kitandani bila kuvua buibui.

"Asema ziko," akaniambia. "Asema marehemu hakuweka karatasi sandukuni, aliogopa mchwa. Kila karatasi aliishona ndani ya nguo. Cheti cha kuzaliwa cha binti kimo ndani ya mto."

"Za jeshi ziko nguo gani?"

Mama akanitazama.

"Kabuti. Ndani ya bitana. Asema alikwita siku ile. Asema alikwambia ungoje."

Nikauliza, kwa ujinga, "Kwa nini hakuita tena?"

"Mwanamke wa eda apige kelele mpaka barazani, wanaume wamejaa nje?" mama akasema. "Alidhani umesikia. Sauti yako ilikuwa kubwa, alidhani wajua ufanyalo."

Mwosha, ambaye ndiye niliyempa zile nguo, alikuwa akikaa Kuze. Mzee mkavu, mikono myeupe kwa maji. Nilimkuta ala muhogo.

"Kabuti?" akasema. "Mimi kabuti la kazi gani, mwanangu? Watu ninaowafanyia kazi hawaniangalii nimevaa nini. Nilimpa mkwe wangu, Mdigo, ni mlinzi huko Kizingo. Nyumba ina mti mkubwa wa maua mekundu na mbwa wawili."

Kizingo nyumba zote zina mti mkubwa wa maua mekundu na mbwa wawili. Nilizunguka asubuhi nzima, miti inanidondoshea maua kichwani, hakuna mtu atembeaye kwa miguu ila mimi, magari yanapita polepole yakinitazama. Mbwa wa Kizingo nao walikuwa na dharau yao. Mwishowe nikaliona. Lilikuwa langoni, limesimama, na ndani yake jitu. Kifua kiko wazi, vifungo vya shaba vimesuguliwa vinang'aa, alikuwa ndio anamaliza zamu yake angoja mwenzake.

Salamu sikutoa. Nikasema, "Hilo kabuti letu."

"Lenu kina nani?"

"La mjombangu."

"Mjombako kafa, Mungu amrehemu. Hili nimepewa kwa haki. Na ndilo lililonipa kazi, bwana wa nyumba hii aliponiona nalo akasema huyu aonekana askari. Nenda kwa salama."

Nikamshika ukosi. Ndiyo, nilimshika. Akautazama mkono wangu, akanitazama mimi, kisha akainua macho kuutazama mti, kama mtu achaguaye tawi la kunitundika. Rungu hata hakuliinua. Nikamwachia, nikakaa chini palepale kwenye changarawe ya langoni, nikamsimulia yote, tangu pazia mpaka barua ya Ulaya. Na bombom nikamwambia. Ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia kuwa bombom niliitunga.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa si ungeanza hapo," akasema. "Weye huanza na mkono, huja na mdomo, akili yafika kesho." Akalivua. "Fumua. Lakini ulishone papa hapa. Jioni nalitaka, nina kazi."

Mtunza bustani akatuazima wembe. Nikaanza kufumua bitana, na hapo ndipo nilipojua kuwa ile kazi ya mjomba nilikuwa nikiiona kila siku bila kuiangalia. Mishono ilikuwa midogo, imepangana kama meno ya mtoto, na kila upana wa vidole vinne pana fundo. Wakata uzi hapa, wadhani utavuta wote utoke, wafika kwenye fundo, umekwama. Uanze tena. Fundo lingine. Jasho lilinitoka. Mlinzi amechuchumaa mbele yangu akisema, "Huyu hakutaka ufike."

Bitana ilipofunguka harufu ikatoka. Ndogo, ya zamani, lakini hukosi kuijua. Ndizi mbivu.

Ndani mlikuwa na kitambaa cha nta kimekunjwa, na ndani ya kitambaa vitu viwili. Kimoja karatasi. Cha pili ni utepe wa nguo, urefu wa mkono mpaka kiwiko, mgumu, wang'aa kwa dawa iliyopakwa. Ulikuwa vipande viwili vilivyounganishwa katikati kwa mshono ule ule, na fundo kila vidole vinne. Pembeni pameandikwa kwa wino nambari yake ya jeshi, na neno moja la Kiingereza: amefaulu.

Nambari ile niliyoitafuta ofisi nne na bahari nzima.

Nikasoma karatasi. Jina lake. Aliingia, akatoka, karibu miaka minne. Tabia: nzuri sana. Kazi: mshoni wa vitambaa vya ndege. Nikageuza nyuma. Nikarudi mbele. Natafuta bombom. Hata mimi niliyeitunga nilikuwa naitafuta.

"Yasemaje?" mlinzi akauliza.

"Yasema alikuwa jeshi la ndege."

"Alhamdulillahi."

"Yasema alikuwa akishona."

"Akishona nini, suruali?"

Wakati ule sikujua. Baadaye fundi mmoja mzee wa uwanja wa ndege alinieleza kuwa ndege za siku zile, kiasi kikubwa cha mabawa na mkia ni nguo tu, imevutwa juu ya mbavu ikashonwa kwa mkono, kisha ikapakwa dawa mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma. Dawa yenyewe, akasema, yanuka ndizi zilizopita kiasi, na wenye kufanya kazi ile kutwa ndani ya banda walitoka kichwa kimevimba, wengine wakitapika. Ule utepe, akasema, ndio kipande chake cha mtihani. Na yale mafundo? Ili risasi ikipita ikakata uzi, ufumuke vidole vinne tu, usifumuke bawa zima watu wakaanguka.

Lakini pale langoni tulikuwa na ule utepe tu. Mlinzi akashika ncha moja. "Vuta," akasema. Nikavuta. Akavuta. Jitu lile liliweka mguu kwenye nguzo ya lango likavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, mtunza bustani akaacha mpira wa maji ukimwagika akatutazama. Mshono haukusogea. Mimi ndiye niliyekwenda chini.

Nikashona bitana yake, kama tulivyoagana. Uzi nilipewa na yaya wa nyumba ile. Mlinzi akaiangalia kazi yangu akiigeuza geuza.

"Na hakika weye ni mpwa wa mshoni?"

Sasa utaniuliza, kwa nini hukurudi nyumbani ukafikiri kwanza. Nilifikiri. Njia nzima kutoka Kizingo nilifikiri. Ile bombom sikuisahau, nilidhani wao wataisahau. Nilidhani karatasi ni karatasi. Na eda ilikuwa imebakiwa na siku chache tu. Nikaenda moja kwa moja kwa mpika halua, na vumbi langu la changarawe. Bwana arusi alikuwapo, kijana mpole, karani wa posta. Yeye ndiye aliyesoma, akamfasiria ami yake neno kwa neno, kwa sauti nzuri. Kisha akaunusa ule utepe. Akatabasamu.

"Mshoni," akasema ami.

"Naam."

"Miaka minne, tabia nzuri sana. Hakufungwa."

"Sikuwaambia?" nikasema, na sauti tayari yapanda. "Sikuwaambia?"

"Hakupiga bombom."

Nikapangusa vumbi la changarawe gotini.

"Hakuruka na mwavuli."

Nikapangusa goti la pili.

"Nishani?"

"Haimo."

Akakunja karatasi taratibu akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu arudishaye msahafu. "Marehemu hana neno," akasema. "Marehemu leo tumemjua, na Mungu atusamehe tuliyomdhania. Wewe ndiye hatukujui. Wewe ndiye uliyetwambia binti ana umri kadha, amehitimu Kurani, hana ugonjwa, hajaposwa kwengine. Ulituapia hayo kwa kinywa hicho hicho. Sasa tushike lipi?"

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kufanya.

Posa ikasimama. Si kwa sababu ya Ngomeni, wala si kwa sababu ya ushoni. Kwa sababu yangu. Wakasema wangoja nduguye marehemu aje mwenyewe kutoka Lamu na miguu yake mibovu, aseme yeye, na mwengine yeyote asiseme.

Nilikwenda kumwambia binti. Alikuwa nyuma ya pazia na mamake, nikampitishia karatasi na utepe chini ya pazia. Yeye shule alikwenda, alisoma mwenyewe. Nilisikia karatasi ikikunjuka. Nilisikia akivuta pumzi kwa pua, muda mrefu, akinusa. Halafu nikasikia kama kicheko, kisha si kicheko.

"Tulikuwa tukimpelekea ndizi," akasema.

"Tulikuwa watoto."

"Baba alisema alikuwa jeshi la ndege. Kila siku alisema hivyo hivyo. Maneno manne." Akangoja. "Weye yalikupungukia nini?"

Nikamwambia nilikuwa nikimtetea babake. Akasema ajua. Hakusema zaidi, na mkazamjomba naye hakusema, na safari hii nilingoja. Nilikaa pale nikingoja mpaka adhana.

Mjomba mkubwa alikuja, akabebwa kutoka kwenye gari na watu wawili. Alisema maneno machache, kama nduguye. Wakasikizana. Arusi ilifanyika, na ilikuwa nzuri, waliniambia, mimi nilikuwa jikoni na masufuria ya biriani, mahali ambapo mtu haulizwi kitu. Binti yuko kwake, ana mtoto. Ule utepe ameushona ndani ya mto wa mtoto, kwa mshono wa babake. Mimi hunisalimu vizuri. Huniuliza hali, humwuliza mama hali, basi.

Na barazani bado. Zamani ilikuwa "mfungwa", sasa ni "jeshi la sindano". Nikipita waniigizia kutia uzi. Sijibu tena. Nawe nakujibu kwa kuwa umenikuta nimechoka.

Juzi nilimkuta yule mlinzi Biashara Street, karibu na ile baraza ambapo sasa yuko mshoni mwingine. Alikuwa amelikunja kabuti begani, na bitana yaning'inia nje yote, toka kwapa mpaka chini. Akalifunua akanionyesha ule uzi wangu umetoka mzima mzima kama utumbo wa samaki. Siku ya tatu tu, akasema, ulikatika mahali pamoja, ukaenda wote.

Haya, wewe mwenye kuwacheka washoni, sema kweli: ile ndege, kama bawa lake ningalishona mimi, ungeipanda?